Bichi Haina Fensi, Fensi ni Wewe: Rada ya Kuachilia Mbwa Diani Bila Kuleta Ngori

Amka mapema wikendi yoyote, shuka bichi ya Diani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utaona muvi ya bure. Jibwa aina ya German Shepherd linakimbiza mawimbi. Mbwa koko watatu wa mtaani wanamfuata mvuvi mwenye ndoo. Familia imesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, imefungua buti ya gari, na kambwa kao keupe ka manyoya kametoka mbio kama kameachiliwa jela. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna soja. Manze, ukiwa mbwa, hii ndio paradiso.

Ndio maana swali moja haliishi kuulizwa, hasa na wasee wanaokuja likizo na mbwa wao: "Kuna bustani ya mbwa huku South Coast? Zile za kumwachilia bila kamba?"

Jibu fupi: ya umma, yenye fensi na geti, hapa Diani hakuna. Jibu refu ndilo hili unasoma. Tafadhali lisome lote, kwa sababu mimi nililijua kwa njia mbaya, na kuna mtoto wa watu alikuwa katikati yake.

Kwanza, bustani ya mbwa ni kitu gani?

Hii stori ya bustani za mbwa ilianzia Marekani. Ile inayotajwa sana kuwa ya kwanza ni Ohlone, mji wa Berkeley, jimbo la California, mwaka 1979. Watu wa mtaa walichukua kiwanja, wakaweka fensi, wakasema hapa mbwa anaruhusiwa kukimbia bila kamba. Sai zimejaa miji mingi ya Marekani, Kanada na Ulaya.

Ukicheki vizuri, kitu cha maana pale si nyasi wala maji ya kunywa. Ni fensi. Fensi inafanya kazi mbili. Inamzuia mbwa asitoke nje akagongwe na gari au akamrukie mpita njia. Na inatenganisha watu: ukiingia ndani, umekubali kukutana na mbwa wa wenyewe. Kama hutaki mbwa akunuse, unapita nje na maisha yako yanaendelea.

Hata Nairobi, watu wa Karura wanajua form. Mbwa anaingia msituni, lakini kwa kamba. Huwezi kumwachilia akimbize swara kisha useme "ana-play tu."

Sasa leta hiyo akili Diani. Hapa fensi hakuna. Kila mtu aliye bichi yuko ndani ya bustani ya mbwa wako, atake asitake. Kwa hivyo ile kazi ya fensi lazima ifanywe na mtu, na huyo mtu ni wewe uliyekuja na mbwa.

Bichi ni ya nani?

Hapa watu huchanganyikiwa. Kuna hoteli inaweka soja na kamba mchangani kama vile imenunua bahari. Halafu kuna mwenye mbwa anasema, "Bichi ni ya umma bana, mbwa wangu ana haki."

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inaweka ardhi iliyo kati ya alama ya maji yakijaa na alama ya maji yakipwa kwenye ardhi ya umma. Kwa hivyo ndio, hapo pa kutembea ni pa wote. Lakini "wote" ni neno zito. Wote ni pamoja na:

- Mvuvi anayevuta ngalawa yake alfajiri.
- Kina mama na wazee wanaotoka mwambani na pweza maji yakipwa.
- Vijana wa ngamia. Ngamia akistuliwa na mbwa, aliye juu yake ndiye anaanguka.
- Wasee wa kaiti kule Galu. Ile kamba ya kaiti ikivutwa na upepo inakata, iwe ni mguu wa mbwa au wa mtu.
- Watoi wanaocheza boli mchanga ukiwa mgumu.
- Mzee anayetembea kuelekea msikitini na kanzu yake safi.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesaini kukutana na mbwa wako. Haki ya kuwa bichi mnayo sawa. Haki ya kumrukia mtu hana yeyote, hata kama mkia unatikisika.

Siku kumi za Kaimati

Sasa niwape ile stori. Niliacha chuo miaka kadhaa nyuma, nikarudi Ukunda, nikaanza hizi kazi za kuandika. Mbwa wangu nilimuokota akiwa mdogo karibu na meza ya mama mmoja anayeuza mahamri na kaimati. Alikuwa mviringo, rangi ya kahawia, anang'aa mafuta. Jina likajileta lenyewe: Kaimati.

Kaimati alikuwa mpole. Kila mwenye mbwa husema hivyo, lakini wallahi alikuwa mpole. Nilikuwa nashuka naye bichi asubuhi bila kamba, mimi na simu yangu, yeye na dunia yake. Chanjo? Nilikuwa nimesema mwezi ujao. Mwezi ukaisha, nikasema mwezi ujao tena. Msoto nao haukuwa mchezo.

Siku hiyo kijana mdogo, kama miaka saba, alikuwa anatembea na babu yake mvuvi, ameshika samaki wawili kwenye kamba. Kaimati aliona samaki. Mimi nilikuwa naona simu. Niliposkia mtoto analia, tayari alikuwa chini, na mkono wake ulikuwa na jino. Si jeraha kubwa. Ngozi imepasuka, damu kidogo.

Nilikimbia kuomba msamaha. Babu hakunipigia kelele. Alimwinua mjukuu, akaangalia mkono, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu mbwa ana kadi?"

Sikuwa na kadi, na sijawahi kuskia aibu kama ile.

Tuliosha jeraha palepale kwa mfereji wa jirani, sabuni na maji mengi, babu mwenyewe akisimamia. Kisha hospitali. Ya kwanza chanjo ilikuwa imeisha. Ya pili ilikuwepo. Nililipa sindano ya kwanza, nikakopa ya pili, na hapo ndipo nilifanya hesabu ambayo ningefanya miezi iliyopita: sindano moja ya yule mtoto ilikuwa ghali kuliko chanjo ya Kaimati ya mwaka mzima.

Daktari wa mifugo akaniambia nimfunge Kaimati nyumbani siku kumi, nimchunguze. Sababu ni hii: mbwa anayeweza kuambukiza kichaa kwa mate yake siku ile ameuma, kwa kawaida ataanza kuumwa na kufa ndani ya hizo siku kumi. Akizimaliza mzima, anakula na kunywa vizuri, basi siku ile hakuwa anaambukiza.

Siku kumi. Kila asubuhi baada ya swala, babu alikuwa anapita kwangu. "Shikamoo babu." "Marahaba. Amekula?" Nasema amekula. Anasimama kidogo mbali, anamwangalia pale chini ya mwarobaini, kisha anaenda baharini. Siku ya nne Kaimati hakumaliza chakula. Sikulala usiku huo. Kumbe ni joto tu.

Siku ya kumi alikuwa mzima. Mtoto alikuwa mzima. Siku ya kumi na moja Kaimati alichanjwa. Naomba wewe usingoje siku ya kumi na moja yako.

Kichaa cha mbwa, bila chumvi

Kuna watu hudhani kichaa cha mbwa ni stori ya zamani. Si ya zamani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kila mwaka ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wako karibu na mdomo wa mbwa na mara nyingine hawasemi nyumbani wameumwa.

Vile unafanya kazi: kirusi kiko kwenye mate. Mbwa akikuuma, akikukwaruza au akilamba mahali ngozi imepasuka, kirusi kinaingia na kutembea pole pole kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu. Kwa huo muda mtu anahisi yuko fiti kabisa. Dalili zikianza, karibu kila mara mtu anakufa. Hakuna dawa ya kumrudisha.

Habari njema ni kwamba kabla dalili kuanza, unaweza kukizuia kabisa. Ukiumwa, fanya hivi:

1. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Weka saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani.
2. Usipake kahawa, chumvi, mafuta ya taa wala pilipili. Zinaharibu jeraha na haziui kirusi.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Chanjo zinaanza mara moja, na daktari ndiye ataamua kama zisimame baada ya mbwa kumaliza siku kumi.
4. Maliza sindano zote ulizoandikiwa. Watu wengi huacha katikati kwa sababu jeraha limepona. Jeraha kupona si kirusi kuisha.

Kenya ilizindua mpango wa kumaliza ugonjwa huu mwaka 2014, lengo likiwa kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Silaha kubwa ni chanjo ya mbwa. Ukichanja mbwa kama 70 kwa kila 100 katika eneo, na ukarudia mwaka baada ya mwaka, kirusi kinakosa mahali pa kuruka.

Usidhani hizi ni ndoto. Simama Msambweni au Shimoni, geukia baharini. Kule mbele iko Pemba. Kisiwa kile kilikuwa na kichaa cha mbwa kama sisi. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umezimwa. Walipolegea, ukarudi 2016. Wakachanja tena kwa nguvu, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umeisha tena. Somo ni mbili: inawezekana, na ukilala inarudi.

Na kuna kitu hakimalizi kichaa: kuua mbwa. Mtaa ukichoka kuumwa, usiku nyama yenye sumu huanza kuonekana kando ya barabara. Wanakufa mbwa waliochanjwa na wasiochanjwa, pamoja na paka na kunguru. Nafasi yao inajazwa na mbwa wapya ambao hawajachanjwa, na mko palepale. Lakini ukweli usemwe: mtaa hufika huko kwa sababu ya watu kama mimi wa zamani, waliokuwa wanaangalia simu.

Mate, kanzu na heshima

Hapa naongea na mgeni hasa. Kwale ni nyumbani kwa Waislamu wengi, na wengi wa pwani hii wanafuata madhehebu ya Shafi. Kwa fikihi hiyo, mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa mwili au nguo, panaoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Kwa hivyo mbwa wako akimlamba mzee anayeenda swala ya Ijumaa, umemharibia ibada. Lazima arudi nyumbani aoshe, abadilishe kanzu, na pengine swala ya jamaa itampita. Usicheke useme "ni busu tu."

Lakini pia tusidanganyane kwamba Uislamu unafundisha kumchukia mbwa. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda wanajulikana na wameruhusiwa. Vijana wa pangoni wanaotajwa katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao. Na kuna hadithi mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa sababu alimpa maji mbwa mwenye kiu. Ukienda mashambani Kinango au Lunga Lunga, mbwa analinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe mwitu, na mwenye shamba ni Muislamu safi. Mbwa yuko, ila ana mahali pake.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha mkono umshike mbwa wako, usiwe mkali. Mshike, sema "samahani mzee," pita. Sekunde tano tu.

Wenyeji wengine ambao hawawezi kulalamika

Bichi na vichaka vyake vina wakaazi ambao hawatakupigia kelele. Wataumia kimya kimya.

Kasa. Kasa wanapanda mchangani usiku kutaga, juu kidogo ya mahali maji yanafika. Kiota kimoja cha kasa wa kawaida kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na yanachukua kama miezi miwili kuanguliwa. Mbwa ana pua na ana makucha. Anaweza kufukua kiota chote kabla hujamaliza chai. Ukiona vijiti au uzio mdogo mchangani, hiyo si takataka, kuna mtu anakilinda kile kiota. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na "mbwa ndiye alifukua" si kitu ungetaka kumwambia afisa wa KWS.

Mbega, kima na tumbili. Diani ina mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, na hapa Kenya kusini mwa pwani ndiko kwao. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza 1997, limewajengea madaraja ya kamba juu ya barabara wasigongwe na magari. Mbega akishuka chini si mwepesi. Akikutana na mbwa asiye na kamba, amekwisha. Na usidhani mbwa wako ndiye bosi kila mara: nyani dume ana meno ya kumpasua mbwa mkubwa.

Bunju. Huyu ni hatari kwa mbwa mwenyewe. Ni yule samaki anayejivimbisha kama mpira, na mara nyingi hutupwa na maji akiwa amekufa. Ana sumu kali isiyo na dawa ya kuipinga. Mbwa akimla anaweza kulegea miguu, akashindwa kupumua na kufa haraka. Ukiona mbwa wako amechukua samaki wa mviringo mchangani, mpokonye hapo hapo, na kama amemeza mkimbize kwa daktari wa mifugo. Hii ni sababu tosha ya kutokuwa kwa simu.

Sasa, wapi na saa ngapi?

Hii ndio sehemu mlikuwa mnangoja. Form ni hivi.

Anza na maji, si na saa. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, sehemu nyingi za Diani mchanga unabaki mwembamba na maji yanagusa kuta za ploti. Hapo hamna nafasi, mtabanana na kila mtu. Maji yakipwa, bichi inafunguka kama uwanja. Majira ya maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa iliyokuwa fiti Jumamosi iliyopita si lazima iwe fiti leo. Muulize mvuvi yeyote, anayo kichwani.

Alfajiri au jioni. Mchanga wa saa sita unaunguza. Weka kiganja chako mchangani sekunde kumi. Ukishindwa, na mbwa asikanyage.

Katikati ya Diani, mbele ya hoteli: kamba, wakati wote. Kuna watu wengi, ngamia, wauzaji na watoto.

Upande wa kaskazini, kuelekea Msikiti wa Kongo na mdomo wa mto: kamba na adabu. Ule msikiti ni wa kale na watu wanaswali hadi leo. Mpe nafasi kubwa.

Galu na kuelekea kusini: asubuhi mapema kabla upepo kuamka na kaiti kutoka, huwa kumetulia. Hapa mbwa anayeitika vizuri anaweza kukimbia. Kaiti zikianza, kamba.

Tiwi: kuna vipande vya bichi vilivyotulia zaidi kuliko Diani. Angalia watu wa mwambani, na jua kwamba mwamba wenyewe unakata nyayo za mbwa.

Msambweni na vijiji vya wavuvi: utaona bichi ndefu tupu na kudhani hakuna mtu. Kuna mtu. Samaki wanashukishwa pale, nyavu zinakaushwa pale. Usimwachilie mbwa karibu na mahali mashua zinatua. Mbwa akikojolea wavu wa mtu, umemkosea mahali anapopatia chakula.

Gazi kwenye mikoko, Kaya Kinondo, na hifadhi za KWS kama Shimba Hills: mbwa abaki nyumbani. Kaya ni mahali patakatifu pa wazee, na hifadhi ni ya wanyama wa pori.

Na kama unakodisha nyumba, uliza kabla hujalipa kama mbwa wanaruhusiwa, na kama kiwanja kina ukuta mzima. Kiwanja chenye ukuta, asubuhi watoto wa mtunza bustani wakiwa shule, ndiyo bustani ya mbwa iliyo salama kuliko zote huku.

Mtihani wa kufungua kamba

Kabla hujafungua, jiulize maswali manne. Ukijibu "hapana" hata moja, kamba inabaki.

1. Ana kadi ya chanjo ambayo haijapita mwaka? Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.
2. Ukimwita mara moja, anarudi? Si mara ya tano. Mara moja, hata akiwa ameona samaki.
3. Unaweza kuona mita 100 mbele na nyuma, na hakuna mtoto, ngamia, wala mtu anayetembea peke yake?
4. Simu iko mfukoni?

Namba mbili ndiyo huwaangusha wengi. Dawa yake ni rahisi: nunua kamba nyepesi ya mita kumi hapo Ukunda, ifunge kwa kola, mwache aende, mwite, akirudi mpe kipande cha nyama. Rudia kila siku. Kaimati ilimchukua karibu miezi miwili. Alikuwa na kichwa kigumu, na mwalimu wake pia.

Beba karatasi ya kuokota mavi. Najua, inaboa. Lakini kinyesi cha mbwa mwenye minyoo kikibaki mchangani, mayai yanaangua na vile viminyoo vinaingia kwa ngozi ya mtu aliye pekupeku. Utaona mstari mwekundu unatambaa mguuni, unawasha usiku kucha. Na huku kila mtu yuko pekupeku. Ukiwa hapo mwulize daktari wa mifugo dawa ya minyoo, kupe na funza, kwa sababu funza nao hukaa kwa miguu ya mbwa kisha huhamia kwa watoto wa nyumba.

Mahali pa kuanzia

Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, au chifu, kampeni ya chanjo inapita lini. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi chanjo hufanywa karibu na siku hiyo. Lakini usiingoje kama bado ni Februari. Jirani yako akiwa na mbwa na hana doh, nendeni pamoja. Mbwa wake ambaye hajachanjwa ni shida yako pia, maana wanakutana usiku wewe ukiwa umelala.

Siku hizi kadi ya Kaimati inakaa nyuma ya kava la simu yangu. Juzi tulikutana na yule kijana na babu yake, asubuhi, maji yamepwa. Nilimshika Kaimati mapema, nikamfunga kamba. Mtoto alisimama nyuma ya babu, akamchungulia. Bado anaogopa, na ana haki.

Babu akaniuliza kama kawaida: "Amekula?"

Nikasema amekula. Na nikatoa kadi nikamwonyesha.

Kama una mbwa na huna hiyo kadi, kesho usianze na bichi.